Maneno Marefu ya Daktari

Ujiji, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema kwamba yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Nimeshika kalamu tangu alasiri nikitafuta namna ya kuiandika sentensi hiyo na imenishinda. Kwanza, wewe hauko mbali. Uko chumba cha pili unagombana na kaka yako Shabani juu ya zipu ya begi. Pili, mimi si mzima. Wewe unajua, Shabani anajua, na mimi najua kwamba mnajua. Katika nyumba hii, kwa mpango wenu, asiyejua ni mwenye ugonjwa peke yake.

Usishtuke. Kaa. Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijawa nayo muda mrefu, na sehemu ya furaha hiyo mmeniletea ninyi wawili kwa jinsi msivyojua kudanganya.

Siku Shabani alipokwenda kuchukua majibu ya utrasaundi yangu, alirudi akasimama mlangoni akaniambia, "Mama, ni vidonda vya tumbo na umri. Daktari kasema ule vizuri." Alikuwa anautazama ukuta. Tangu akiwa mtoto Shabani akidanganya huutazama ukuta kana kwamba kuna mtu kule anamwandikia cha kusema. Kesho yake nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Shabani! Mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuinua hata sahani aliyolia chakula. Na wewe ukaanza kunisifia uji. Ule uji wangu usio na sukari, ambao umeulalamikia tangu ukiwa chekechea, ghafla ukawa mtamu. Simu zikawa zinapokelewa nyuma ya nyumba, kwenye mchikichi. Mwanangu, mtu aliyefanya kazi ya uuguzi maisha yake yote, akiona watoto wake wameacha kubishana naye, anahitaji kipimo gani tena?

Nilikihitaji kimoja, nikakifanya mwenyewe. Nililala chali, nikakunja magoti kama nilivyokuwa nikiwaelekeza wagonjwa, nikapapasa ini chini ya mbavu za kulia. Limevimba. Ni gumu, na ukingo wake una vinundu. Mikono yangu imezeeka lakini haijasahau kazi. Nikateremsha blauzi, nikakaa kitandani kidogo, halafu nikaja sebuleni tukala wote zile ndizi za Shabani, ambazo zilikuwa mbichi katikati.

Juzi nikasikia lile jingine. Mlikuwa chini ya dirisha langu mkidhani nimelala. Ulimwambia kaka yako kwamba utakwenda chuo usajiliwe tu, halafu baada ya wiki mbili urudi, na mimi niambiwe kwamba masomo yamesogezwa hadi mwakani. Shabani akasema, "Mama si mjinga." Ukafikiri, ukasema, "Basi tutasema walimu wamegoma." Nilijiziba mdomo kwa mto nisicheke kwa sauti. Mwanangu anakwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya maadili ya tiba, na kabla hajakanyaga darasa lenyewe ameshawagomesha walimu wake.

Sikukasirika. Nilijua wazi kwa nini unataka kurudi upesi, na sababu hiyo nimeipanda mimi. Nitafika huko. Nipe nafasi nizunguke kidogo, mkono unachoka haraka siku hizi, lakini kichwa bado kinakimbia.

Kwanza nikuambie jinsi ulivyonifurahisha siku ile ulipopata nafasi ya chuo. Hukuniona. Ulipoondoka kwenda kazini Gungu, nilifunga mlango nikacheza. Nilicheza ngoma ya kwetu milimani, ile ya kupiga miguu chini, mpaka nikashika kabati nisianguke. Jirani yetu Mama Hamisi alisikia kishindo akaja kuniuliza kuna nini. Nikamwambia Zuhura amechaguliwa kusomea maadili ya tiba. Akaniuliza, "Kwani udaktari wake haumtoshi?" Nikamweleza kwamba ni masomo ya kujua lipi ni haki kumfanyia mgonjwa na lipi si haki, nani aamue, nani aambiwe. Akatafakari sana, akasema, "Yaani serikali inampeleka mtu mzima Dar kusomea adabu." Nikamwambia ndiyo, hasa hiyo. Akasema basi wawapeleke na wale wa dirisha la dawa.

Mimi nilijua zamani kwamba utaishia huko. Ulipokuwa mdogo, siku ya Idi, baba yako alimshika kuku wa kuchinja, wewe ukasimama mbele yake ukamuuliza kama kuku mwenyewe ameulizwa. Baba yako akacheka mpaka kuku akamponyoka, tukamkimbiza hadi kwa majirani. Ukakataa kumla. Halafu ulipoona firigisi ukabadili msimamo. Nadhani hata huko chuoni utakutana na hoja nzuri zinazoshindwa na firigisi.

Sasa nikuambie habari ya pacha wawili.

Unajua kwamba hospitalini nilikuwa nikiitwa kila mahali kwa sababu ya lugha. Madaktari wengi walitoka mbali, na wagonjwa wetu wa milimani na wa vijiji vya ziwani kaskazini walikuwa na Kiha tu, pamoja na Kiswahili cha sokoni: bei, chupa, lita, kesho. Mimi niliyezaliwa milimani nikasomea uuguzi Tabora nilikuwa mdomo wa madaktari na sikio la wagonjwa. Nilikuwa hodari, na nilijijua kuwa hodari.

Siku moja wakaletwa kwa boti wanawake wawili wakamuaji wa mawese, viganja vyao vimekolea rangi ya mafuta. Mmoja alikuwa mgonjwa. Walikuwa pacha, Bukuru na Butoyi, kama tunavyowaita kwetu: Bukuru aliyetangulia kuzaliwa, Butoyi aliyefuata. Walikuwa bibi wazima wenye wajukuu, lakini Bukuru bado alikuwa akimtuma mwenzake maji kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Wodi nzima iliwapenda. Bukuru akimuuliza, "Ulichelewa nini tumboni, wewe?" Butoyi alijibu, "Nilikuwa nasubiri utoke. Ulikuwa umejaza njia."

Kwetu pacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja kanga, unamnunulia na mwenzake. Ukimsalimia mmoja, mwenzake naye amesalimiwa. Mimi nimelelewa katika hilo, sikulifikiria kamwe, lilikuwa kama kupumua.

Daktari alimpima Bukuru, akaniita kando ya kitanda. Alikuwa kijana mwema, mwenye haya. Akaeleza taratibu, akimtazama mgonjwa na siyo mimi: kwamba uvimbe ni wa kizazi na ni saratani, kwamba umeshasambaa, kwamba anaweza kupelekwa Mwanza kwa matibabu ambayo yangempa muda lakini yasingemponya, au anaweza kurudi kwake na dawa za maumivu, akae na watu wake. Akamaliza kwa kuniambia, "Sista, muulize yeye anataka lipi."

Nikamwambia daktari anisubiri. Nikatoka nje kwenye benchi alipokuwa Butoyi nikamweleza yote. Moyoni niliona nimeshafanya nilichoagizwa: kumwambia mmoja ni kuwaambia wote wawili. Butoyi akanishika mikono. Akaniomba nisimwambie mwenzake, moyo wake ni mdogo, atakufa kabla ya siku zake, yeye anamjua, wamelala tumbo moja. Nikakubali.

Nikarudi ndani. Bukuru nikamwambia kwa Kiha, "Daktari anasema una uvimbe kidogo. Utakaa hapa, utapewa dawa, utapata nafuu." Daktari nikamwambia kwa Kiswahili, "Anasema anataka kubaki hapahapa."

Ona nilivyofanya, Zuhura. Aliyeulizwa hakuulizwa. Aliyejibu hakujibu. Kote kuwili nilikuwa mimi.

Bukuru akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, daktari kasema maneno marefu, wewe umeniletea mafupi. Mengine umeyaweka wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia daktari huyu anapenda kuongea. Wa vitanda vya jirani wakacheka, yeye naye akacheka, na mimi nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Akakaa wodini muda mrefu. Alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kila asubuhi nilipombadilisha shuka aliniambia, "Nikipona nitavuka nikamwone." Nami kila asubuhi nilimjibu, "Utavuka, mama." Zilikuwepo boti. Ziwa lilikuwa limetulia kipindi kile. Alikuwa na nguvu ya kukaa kwenye boti, kwa wiki kadhaa alikuwa nayo. Halafu akawa hana.

Baada ya kumzika, Butoyi alikuja kunitafuta hospitalini. Alikuwa amebeba chupa ya mawese, maana hata kwa hasira mtu wa kwetu haji mikono mitupu. Akaiweka chini.

"Sista, Bukuru alikuwa anajua," akaniambia. "Alijua tangu siku ile ulipotoka nje ukarudi na uso mwingine. Akaninyamazia ili nisilie. Na mimi nikamnyamazia ili asilie. Tumekuja kuongea mchana mmoja tu, alipokuwa hawezi hata kunituma maji."

Nikajitetea. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyeniomba."

"Ndiyo, niliomba. Mimi niliomba kwa sababu niliogopa. Wewe ulikubali kwa sababu gani?"

Akaondoka. Yale mawese yalikaa kwenye kabati langu mpaka yakaganda, sikuweza kuyapikia.

Jibu lake ninalo siku nyingi, ila sijawahi kumwambia mtu. Nilikubali kwa sababu nilipenda kupendwa. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wakisema, "Yule Sista ana maneno matamu." Walikuwa wakiondoka wametulia, na wodi ikibaki imetulia, na mimi nikimaliza zamu bila kilio. Niliiita huruma. Ilikuwa huruma kwa zamu yangu. Na yule hakuwa wa kwanza, Zuhura, wala wa kumi. Ni yeye tu ambaye pacha wake alirudi kuniuliza.

(Nimelala kidogo. Shabani kaniletea maji, akayatazama makaratasi haya, akautazama ukuta, akatoka. Naendelea.)

Baada ya Butoyi nilibadilika, lakini nisikudanganye kwamba niligeuka kuwa mtu wa kumrushia kila mgonjwa ukweli usoni kama maji ya baridi. Nilianza tu kuuliza. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikasema, "Majibu yako yapo. Unataka nikuambie wewe mwenyewe, au nimwambie mtu wako?" Swali lenyewe ni hilo tu, halihitaji shahada. Wengi walisema niambie. Wengine walinifokea kwanza, halafu wakasema niambie. Lakini kulikuwa na mvuvi mmoja wa Bangwe, mzee wa utani, aliyeniambia, "Hayo mwambie mke wangu, yeye ndiye mpenda habari. Mimi niambie kama mgebuka umepanda bei." Nikamwambia mke. Naye mzee, kila nikipita asubuhi kutoka soko la samaki la Katonga, nilimpa bei ya mgebuka, ya kuhe, ya dagaa wa kukaanga na wa kukaushwa. Alikufa hajui ugonjwa wake unaitwaje, na hakuna mtu Kigoma nzima aliyekuwa anajua bei kama yeye. Sijawahi kujuta juu yake. Aliulizwa, akachagua.

Utakutana na watu huko watakaokuambia kwamba mgonjwa lazima aambiwe, na wengine watakaokuambia kwamba sisi Waafrika mgonjwa ni wa ukoo, ukoo ndio unaoamua. Utabishana nao vizuri kuliko mimi. Mimi nitakuwa namfikiria Bukuru na yule mzee wa Bangwe, wote wawili wa ziwa moja.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Baba yako alijua kwamba anakufa.

Miaka yote hii umeamini kwamba ilikuwa ghafla, kwa sababu mimi nilikuambia hivyo. Nadhani uliacha kuamini ulipofundishwa chuoni kwamba ugonjwa wa ini kama wake hauui ghafla. Ulirudi likizo, ukanitazama mezani, ukaacha kula, hukuuliza. Na mimi nikakuongezea mchuzi. Tulikuwa tunafanana na wale pacha, mimi na wewe.

Nilimwambia mwenyewe, kwa sababu ya Butoyi. Nilimfuata Kibirizi kwenye karakana yake ya injini za boti. Alikuwa amefungua injini ya mtu, vipande vimetandazwa kwenye gunia, mikono imejaa grisi. Nikamuuliza kama anataka nimwambie. Akasema niambie. Nikamwambia. Akachukua kitambaa, akafuta spana moja, akairudisha chini. Kisha akasema, "Ngoja basi nimalize hii, mwenyewe anasafiri kesho."

Akaimaliza. Na akaishi, Zuhura. Ndiyo habari ninayotaka uibebe, maana uliikosa. Ule ulikuwa mwaka mzuri wa ndoa yetu. Alikuwa akisingizia kujaribu injini, tunapanda boti wawili tunakwenda mpaka karibu na Kagunga na kurudi, yeye kwenye usukani anaimba vibaya. Alimfundisha Shabani kazi yote, hata zile siri za mafundi ambazo hawampi mtu. Alimwendea ndugu yake waliyekuwa hawasemeshani kwa sababu ya kiwanja, akamwambia, "Chukua kiwanja, nipe chai." Ijumaa nilimkaangia migebuka, akila mmoja polepole katikati ya mazungumzo. Alikuwa mchangamfu mpaka watu wakadhani anataka kuoa mke wa pili.

Na aliniambia, "Mwite Zuhura."

Wewe ulikuwa kidato cha nne, shule ya bweni, Kasulu. Nikamwambia, "Ana mtihani."

Akasema, "Muulize yeye."

Nikamwambia nitakuuliza. Sikukuuliza. Nilifikiri kama nilivyofikiri siku ile kwenye benchi: mimi ni mama yake, nikijua mimi amejua yeye, nikiamua mimi ameamua yeye. Nilisema moyoni, amalize mtihani, kisha aje. Baba yako hakusubiri mtihani. Ukafika tumeshazika, begi la shule mkononi, ukauliza imekuwaje, na mimi mbele ya watu wote wa msiba nikasema, "Ghafla." Baba yako aliuliza habari zako hadi mwisho. Sikukuambia hilo kwa sababu nilijua ungeniuliza nilimjibu nini. Nilimjibu kwamba uko njiani.

Ulifaulu mtihani ule vizuri sana. Watu walikuja kunipongeza. Sijui ungepata matokeo gani kama ungeulizwa. Pengine ungekuja, ukakaa naye kwenye boti, ukarudia mwaka. Pengine ungesema nitamaliza kwanza. Vyovyote, lilikuwa lako, na mimi nililichukua nikalitumia. Naomba unisamehe. Sikuombi unijibu leo.

Kwa hiyo nilipokusikia chini ya dirisha ukipanga kurudi baada ya wiki mbili, nilijua huwagomeshi walimu kwa ajili yangu tu. Unaogopa kufika tena na begi mkononi nyumba imejaa watu. Una haki ya kuogopa. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba katika nyumba hii mambo makubwa hutokea mtu akiwa shuleni.

Sasa nikupe yangu, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyeniuliza, na ninyi wawili mmeshanichagulia kila kitu mpaka chumvi. Sitaki kupelekwa Mwanza wala Dar. Nimewasindikiza wengi safari hizo, najua zinachukua nini na zinarudisha nini. Nataka kukaa nyumbani kwangu Ujiji, nipate dawa ya maumivu ya kutosha, ile nzito, na asitokee mtu wa kuninyima eti nitaizoea. Nataka Shabani aendelee kumenya ndizi, ila mumfundishe kuzichemsha. Nataka wageni waje, na wakija wasininong'onezee. Nataka mtu anipeleke Kibirizi siku nikiweza, nikae kwenye ile karakana ambayo sasa ni ya Shabani, ninuse dizeli. Uji uliosifiwa usiletwe tena bila sukari. Na nataka tubishane. Nimechoka kukubaliwa.

Na kuhusu wewe, nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kufunga barua hii kwa amri. Nilikuwa nimeshaipanga: nenda, usirudi mpaka umemaliza, usinifanye sababu. Ilikuwa amri nzuri, na ningeiweka begini kati ya nguo zako, uisome basi likiwa limeshapita Uvinza, mahali ambapo usingeweza kunijibu. Kalamu ilifika hapo ikasimama. Nimejiona niko kwenye lile benchi la nje tena, nimeshikwa mikono, namwamulia mtu.

Kwa hiyo begini haiingii. Nakuita sasa hivi, chakula kikiwa bado jikoni, nikupe mkononi uisome hapa mbele yangu, na Shabani akae pale nimwone uso.

Ninachotamani nimekuwa nikikiimba tangu alasiri, na nakisema wazi usije ukadhani nakuficha: natamani uende. Natamani kujua kwamba uko kwenye darasa hilo unawasumbua. Ukienda, nitakuambia kweli ya hali yangu kila utakaponipigia, hata siku ambayo ni mbaya, na siku nitakapotaka uje nitasema njoo, mapema, ili unikute bado naweza kukutania. Ukibaki, sitakufukuza, wala sitanuna. Sana sana nitanuna siku ya kwanza.

Hilo ndilo langu. La kwako silijui. Nimekuzaa, nimekuogesha, nimekusomesha, na la kwako silijui, na kwa mara ya kwanza kutolijua kunanifurahisha, maana kunamaanisha kwamba itabidi tuzungumze, na tuna jioni nzima.

Ukimaliza mstari huu weka karatasi chini. Ukilia, lia, tutasubiri. Halafu nitakuuliza, na nitanyamaza mpaka utakapomaliza kujibu, hata jibu likiwa refu kiasi gani.

Zuhura, wewe unataka nini?

Mama yako